Nilitega Sikio Ninase Wavivu, Nikasikia Kazi

Mpendwa mshauri, naomba unipokee kama unavyowapokea wengine kila Jumamosi, ingawa mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na saba na mke wangu anasema watu wa umri wangu hawajianiki gazetini, wanajirekebisha kimyakimya, lakini mimi nimeshindwa, kwa sababu ripoti yangu inatakiwa mezani kwa mkurugenzi Ijumaa ijayo, na nikiandika ukweli huenda nikapoteza kiti changu, na nikiandika uongo kuna binti wa watu ataacha kazi, na ubaya zaidi ni kwamba huo ukweli nimeupata kwa njia ambayo naona aibu hata kuitaja.

Mimi ni msimamizi wa wasahihishaji katika kampuni inayochapisha vitabu vya shule. Kazi yetu ni kusoma kila ukurasa kabla haujaenda kwa mchapaji, tukamate herufi iliyoruka, picha iliyogeuzwa, jibu la hesabu lililokosewa. Nina watu kumi na mmoja chini yangu, na kwa miaka kumi na tisa tumekaa chumba kimoja ghorofa ya tatu, meza zao zimepangwa mistari kama darasani, zinatazama meza yangu ambayo iko juu ya jukwaa la mbao, niliomba mwenyewe litengenezwe ili nikiinua macho nione vichwa vyote, na daftari la mahudhurio lilikaa kwangu, ikifika saa mbili kamili napiga mstari mwekundu, anayechelewa anaandika jina lake chini ya mstari, na sheria yangu kubwa ilikuwa kimya, kwa sababu aliyenitangulia alinifundisha kwamba msahihishaji husoma kwa macho, ukimwona anachezesha midomo ujue bado ni mwanafunzi. Wananiita Mzee wa Mstari, wanadhani sijui.

Basi Jumapili moja, miezi minne iliyopita, bomba la ghorofa ya juu likapasuka, Jumatatu tukakuta dari liko juu ya meza na meza ziko ndani ya maji, na mkurugenzi wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akasema kila mtu achukue kompyuta akafanyie kazi nyumbani mpaka jengo litengenezwe. Mimi nilimfuata mpaka kwenye gari lake. Nikamwambia, "Mama, hawa watu nawajua, paka akiondoka panya hutawala." Akasema, "Sasa nifanyeje, niwape mwamvuli wakae humo humo?" Akapandisha kioo.

Nilipoona hivyo nikatafuta njia yangu. Nilimwomba fundi wetu wa kompyuta amwekee kila mtu programu ya simu ambayo kompyuta ikiwashwa asubuhi inajiunga yenyewe na kompyuta yangu, mimi nawasikia wote, nikitaka kumsikia mmoja nabonyeza jina lake, wao hawanisikii mpaka niwaite. Niliwaambia wazi, sikuwaficha, nikasema kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja nataka nisikie kazi. Naona unacheka mshauri, na mke wangu naye alicheka, kwamba ofisini aliyetoa sauti ndiye mwenye kosa, na nyumbani aliyenyamaza ndiye mwenye kosa, lakini mimi wakati ule niliona nimepata akili kubwa kuliko ya mkurugenzi. Nikakaa sebuleni kwangu na hedifoni masikioni na daftari jipya, nikangojea wavivu.

Mshauri, wavivu sikuwasikia. Nilisikia sufuria, nilisikia watoto wakiulizwa viatu viko wapi, nilisikia mtu akikuna nazi na kusoma sarufi hapo hapo, na mara mbili nilisikia mtu akijiuliza, "Sasa huyu Mzee wa Mstari angeniruhusu nisimame nikisoma?" na nikasikia viatu vyake vinatembea kwenye sakafu, huku na huku, mpaka sura nzima ikaisha. Kumbe yule bwana anayesahihisha jiografia hawezi kukaa kwenye kiti kwa saa nane, mgongo wake unauma, na kwa miaka sita nilikuwa namwandika kwamba anatoka sana kwenda msalani. Nilikuwa naandika maovu kwenye daftari, wiki ya pili nikajikuta naandika maajabu.

Wiki ya tatu mkurugenzi akapata habari. Alinipigia simu akaniuliza, "Hii ni kampuni ya vitabu au gereza? Zima leo hii." Fundi akawaelekeza watu kwa simu namna ya kuiondoa ile programu, kumi wakaiondoa, wa kumi na moja alidhani ameiondoa.

Hapo ndipo dhambi yangu inapoanzia. Huyu wa kumi na moja ni binti wa miaka thelathini na kitu anayesahihisha vitabu vya hesabu, na ofisini tulimwita Bubu, Mungu anisamehe, kwa sababu aliweza kumaliza siku nzima bila kufungua mdomo, na alikuwa mzito wa kazi, makosa yanampita, na jina lake lilikaa chini ya mstari wangu mwekundu karibu kila wiki, mpaka nikamwandikia barua mbili za onyo, na kwa taratibu zetu barua ya tatu ni ya kwaheri. Siku ya kwanza baada ya kuzima nikaona jina lake bado linawaka kwenye kompyuta yangu. Nikasema nitamwambia. Kwanza nikabonyeza, nihakikishe tu kama kweli inasikika.

Nikamsikia anasoma hesabu kwa sauti, taratibu, na mimi najua hana mtoto, nikasema haya, amepata wanafunzi wa tuisheni anawafundisha saa za kampuni, leo nimemkamata. Kumbe anamsomea mama yake. Nilikuja kuelewa kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwamba mama yake ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kiharusi kilimwangusha mwaka juzi, upande wa kulia umelala na ulimi hautoi neno, amebaki na mkono wa kushoto na akili zake zote. Binti anasoma swali, anasoma na jibu lililoko nyuma ya kitabu, mama akikubali anatulia, akikataa anagonga chuma cha kitanda kwa kijiko. Siku ile swali lilikuwa la tangi, tangi lina lita mia nane, robo tatu imetumika, yamebaki maji kiasi gani, na binti akasoma jibu, "Lita mia mbili hamsini." Ngo! Akasoma tena. Ngo! Ngo! Na mimi sebuleni kwangu nikajikuta nimesema kwa sauti, "Mia mbili!" halafu nikaiweka kalamu chini, kwa sababu lile jibu la mia mbili hamsini limekaa ndani ya kitabu kile matoleo matatu, na matoleo yote matatu yamepita kwa sahihi yangu.

Nilishangaa mshauri, na bado nashangaa. Huyu niliyemwita mzito hakuwa mzito, alikuwa msahihishaji wa sauti niliyemziba mdomo. Na kuchelewa kwake pia nikakuelewa, maana nilimsikia asubuhi akimwogesha mama, akimgeuza, akimlisha uji kijiko kwa kijiko huku akimtania, "Leo umekula kama mkwe," nikapiga hesabu ya muda huo wote pamoja na kumngoja jirani wa kumshikia mama na safari ya kuja ofisini, nikaona kwamba kufika saa mbili na dakika kumi ilikuwa muujiza, na mimi muujiza huo nilikuwa naupigia mstari mwekundu.

Ningemwambia siku ile, lakini sikumwambia. Nilisema Jumatatu, Jumatatu ikapita. Nilikuwa nakunywa chai naye bila yeye kujua. Halafu asubuhi moja, kama saa nne hivi, alikuwa anasoma pembetatu, pembe ya kwanza digrii sabini, ya pili digrii sitini, na ya tatu kitabu kinasema digrii sitini, nikawa nangojea kijiko, kijiko hakikugonga. Nikasikia pumzi. Nikasikia kitu kinatafutwa kwa nguvu kooni. Halafu sauti, nzito, ya mtu mzima, ikasema, "Siyo."

Binti akaacha kusoma. Akasema, "Umesemaje mama?" Ikasema tena, "Siyo." Binti akasema, "Ngapi basi mama, ngapi?" na kijiko kikagonga mara tano, yaani hamsini, na yule binti niliyemwita Bubu akapiga kelele mpaka nikavua hedifoni, nilipozirudisha analia na kucheka kwa pamoja, anampigia dada yake simu anasema, "Mama ameongea! Ameniambia nimekosea!"

Mke wangu aliingia na beseni la nguo akanikuta machozi yananitoka, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kuna mtu amesema siyo. Ikabidi nimweleze yote. Aliliweka beseni chini akaniambia, "Baba watoto, huu ni umbea wa mshahara." Na alipomaliza kunisema akauliza, "Haya, panya wamesahihisha vitabu sita. Paka amefanya nini?"

Na ni kweli mshauri, kazi imekuwa ya ajabu. Zamani kitabu kimoja hakikosi makosa thelathini yanayotupita na kuonwa na walimu huko shuleni, safari hii vitabu sita vimepitiwa upya na mkaguzi wa nje na amekuta makosa tisa, vyote sita pamoja. Kuomba ruhusa za ugonjwa kumekaribia kuisha. Mama mmoja hodari wa fizikia aliyetuacha kwa sababu mumewe alihamishwa mji wa mbali amerudi kazini na hajatoka huko huko mbali. Sitaki nikudanganye kwamba wote wanafurahi, yupo mmoja tunamwita Baba Pacha, mkewe amejifungua mapacha na wanaishi chumba kimoja, huyo kila wiki ananipigia, "Bosi, niruhusu nirudi, hata dari likianguka nitalikwepa." Lakini tukiondoa pacha, sijawahi kuona kazi ya namna hii tangu niajiriwe.

Sasa jengo limepona, dari jipya, jukwaa langu limepigwa vanishi, mwenye jengo anataka kujua kama tunarudi au tunaachia ile ghorofa, na mkurugenzi ameniambia, "Niandikie ripoti. Warudi au wabaki, nitafuata utakachosema, wewe ndiye unayewajua." Mshauri, miaka kumi na tisa nilikuwa siwajui, nimewajua kwa miezi minne tena kwa wizi. Nikiandika wabaki, nani atahitaji mtu wa kukaa juu ya jukwaa kutazama meza tupu, na mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu? Nikiandika warudi hakuna atakayenilaumu, lakini wiki iliyopita nilimsikia yule binti akimwambia dada yake, "Wakituita ofisini naacha kazi siku hiyo hiyo. Mama ndiyo kwanza anaokota maneno, nimwache aongee na ukuta?" na hilo nililisikia baada ya kumwahidi mke wangu kwamba nimeacha. Hata jana asubuhi nilifungua, dakika tano tu, nijue kama mama ameongeza neno jingine.

Nifanye nini? Niandike ukweli bila kusema nimeupataje? Nimwambie binti, au nimwache na furaha yake? Nisaidie, maana kichwa kimenijaa mambo makubwa niliyoyasikia na sina mtu wa kumsimulia.

Ni mimi,
Mzee wa Mstari

MSHAURI ANAJIBU

Mdogo wangu Mzee wa Mstari,

Nimekuzidi miaka minne, kwa hiyo nitakuita mdogo wangu na utavumilia. Kwanza nikuulize, mtu unayelipwa kutafuta nukta zilizopotea unaniletea barua ambayo nukta zenyewe nazitafuta kwa tochi? Mhariri aliniomba aipunguze, nikakataa. Nilitaka wasomaji wakusikie ulivyo.

Nitaanza na lililonigusa, maana nikianza na hasira sitafika. Nilipofika pale mama aliposema "siyo" niliiweka barua mezani nikatoka nje ya ofisi, nikasimama kwenye ngazi. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimesoma barua za kila aina, za ndoa, za urithi, za majirani na mbuzi wao. Sikumbuki kusoma kitu kilichoniacha mdomo wazi namna ile. Mwalimu aliyepoteza maneno yote, na neno la kwanza analolirudisha duniani ni la kusahihisha hesabu! Nilifurahi kwa ajili ya mama yule kana kwamba ni wa kwetu. Mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Sasa hasira. Neno lile halikuwa lako. Halikuwa langu pia, na wewe umenifanya nami nilisikie, pamoja na wasomaji wote wa gazeti hili. Ulipowaambia watu kwamba unawasikiliza ulikuwa msumbufu tu, na wasumbufu tumewazoea. Ulipojua kwamba binti anadhani laini imekatwa ukaendelea, hapo umeingia nyumbani kwa mtu kupitia dirishani. Usiniambie ulikuwa unakunywa chai naye. Chai mnakunywa wawili mnaojua kwamba mko wawili. Mkeo ameita umbea wa mshahara, na kwa vile ni mkeo amekuonea huruma.

Kwa hiyo kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, mwite yule fundi aiondoe hiyo programu kwenye kompyuta yako mwenyewe, mkeo akiwa amesimama hapo. Dakika tano zako nazijua, ni ndugu wa sigara ya mwisho.

Jambo la pili linanishangaza kuliko yote. Unaona ajabu kwamba watu wamefanya kazi bila kulindwa. Mimi naona ajabu kwamba umeona ajabu! Hao kumi na mmoja umekaa nao, wengine miaka kumi na tisa. Uliona vichwa, na kichwa kilichoinama ukakihesabu kuwa kinafanya kazi. Mwenye mgongo mbovu ukamfunga kwenye kiti. Anayekamata makosa kwa masikio ukamziba mdomo. Kisha makosa yalipowapita ukawaandikia barua. Sikulaumu peke yako, aliyekutangulia alikufundisha hivyo, na yeye naye alifundishwa. Lakini wewe umebahatika kupasukiwa na bomba.

Turudi kwenye ripoti. Unaogopa kwamba huwezi kuandika ukweli bila kusema umeupataje. Si kweli, hiyo ni hofu inayokutafutia kisingizio. Vitabu sita vipo. Ripoti ya mkaguzi wa nje ipo. Idadi ya siku za ugonjwa ipo kwenye mafaili. Mama wa fizikia yupo, mpigie mchana kweupe atakueleza mwenyewe. Andika kutokana na hayo, ambayo umeyapata kihalali, na kitanda cha yule mama usikiguse hata kwa nusu sentensi. Mkurugenzi hahitaji kumwonea mtu huruma ndipo aamue. Yeye anataka vitabu safi, watu wasiougua kila wiki, mabingwa wasiotoroka waume zao wakihamishwa, na ghorofa asiyoihitaji airudishe kwa mwenyewe. Yote hayo ni faida ya kampuni, waziwazi. Na wafanyakazi wako wamepata asubuhi zao. Kwa mwenye kuuguza, asubuhi ni kitu kikubwa mno, wewe umekisikia kwa masikio yako na sitakurudishia.

Lakini usiandike kama mlokole aliyeokoka jana. Mwandikie mkurugenzi kwamba si wote waliofaulu nyumbani. Baba Pacha ana haki kama wengine, mtu hawezi kusahihisha kitabu akiwa amebeba watoto wawili wanaopokezana kulia. Pendekeza kibaki chumba kidogo chenye meza tatu nne, kwa atakayetaka kuja na siku atakayotaka. Pendekeza wote wakutane mara moja kwa mwezi, waonane uso kwa uso na wabishane kuhusu tahajia, maana nyumbani nako kuna upweke, na wapo wasioweza kuusema. Na pendekeza saa ya kufunga kazi iwe ya kweli. Mtu akiwa na ofisi jikoni ni rahisi bosi kumtuma wakati anapakua chakula. Najua wewe ungemtuma. Ikifika saa kumi na moja, waache watu na nyumba zao.

Chumba hicho kisiwe na jukwaa.

Sasa kiti chako, maana ndicho kilichokuondolea usingizi na umekizungukazunguka kama paka na samaki wa moto. Inawezekana kweli ukakipoteza. Sitakudanganya. Ila kabla hakijaondolewa, mwambie mkurugenzi mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba kazi ya kutazama vichwa imekwisha, na umwambie unayoweza kufanya badala yake. Wewe ni msahihishaji wa miaka mingi. Kaa kwenye kiti cha kawaida usome kurasa. Fundisha wageni. Chukua yale matoleo matatu ya tangi la maji uanze nayo, halafu pitia kila kitabu kingine kilichopita kwa sahihi yako, kwa sauti, sebuleni, mkeo akikusikiliza. Nahisi atakugongea mara nyingi. Mkurugenzi akikubali, una miaka mitatu ya kazi ya maana. Akikataa, utakuwa umeondoka kwa ukweli wako, na hilo mtu wa umri wetu analimudu.

Barua mbili za onyo uzifute kwa maandishi wiki hii, nakala iende kwenye faili lake. Sababu andika kwamba tathmini ilikosewa. Usiongeze sifa, usipambe. Kazi yake ya miezi minne inatosha kumsemea. Na lile jina la Bubu, atakayelitamka tena mbele yako mkemee, ukianza na wewe mwenyewe.

Limebaki moja, nalo ndilo ulilokuwa unatamani nikusamehe. Unauliza umwambie binti au umwache na furaha yake. Utamwambia. Najua ripoti yako ikipita atabaki na mama yake, atakuona msimamizi mwema, huenda hata akakushukuru, na utakuwa unapokea shukrani za mtu uliyemwibia. Hapana. Utamwambia kabla ripoti haijafika kwa mkurugenzi, ili asije akadhani umenunua kimya chake kwa kumwombea abaki nyumbani. Akienda kukushtaki, ana haki. Ukiitwa, utakwenda na utajibu, na ripoti itabaki kama ulivyoiandika.

Leo hii asubuhi, kabla gazeti hili halijamfikia, akishamaliza kumlisha mama yake, mpigie kwa simu ya kawaida. Jitambulishe. Mwambie laini haikukatika, ulijua siku ya kwanza, na uliendelea karibu miezi mitatu. Mwambie ulichosikia, na lile neno moja usimfiche, kwa sababu siku ile alidhani wako wawili tu chumbani. Usimwambie ulilia. Machozi yako ataona anatakiwa ayafute, na ana wa kumfuta tayari. Usimwombe akusamehe hapo hapo. Sema umekosa, sema programu imeondolewa, mpe namba ya mkurugenzi, na akinyamaza usijaze ukimya wake kwa maneno. Kisha kata simu wewe wa kwanza, ili hasira yake aitoe ndani ya nyumba yake, na asisikike na mtu yeyote ila mama yake.